Mchele Uliotangulia Msiba

Maiti ya mwanamke ilikutwa mtaroni Bigwa, chini ya mlima, jua likichomoza, karoti zimetapakaa barabarani, tenga limebonyea. Hakuwa na kitambulisho wala simu. Aliyemgonga alikuwa amekimbia.

Inspekta Joseph Mkude alifuata alama za tairi. Zilikwenda kulia, kushoto, kulia tena, mpaka mtaroni. Huyu alikuwa chakari, alijisemea. Akaokota vipande vya taa vyenye chembe za rangi nyeupe, akavitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Saa tano mzee mmoja aliingia kituoni, viatu vimejaa tope la mlimani. Mkude akamwamkia shikamoo. Alikuwa Mzee Kasiani, anamtafuta mpwa wake Yuliana, aliyeteremka na karoti alfajiri.

Mochwari mzee alimtambua. Akasema Yuliana ameacha watoto wawili, na kwa Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama, yaani ni wake yeye mjomba. Atawalea kwa kitu gani, na miguu yenyewe imeshachoka? Mkude akamweleza kwamba mbali na kesi ya jinai, mahakama inaweza kumwamuru mhusika awalipe watoto fidia. Ila lazima apatikane. Bila yeye hakuna wa kumdai.

"Mzee, nani alikuambia kuna ajali?"

"Hakuna. Saa tatu bodaboda kaniletea gunia la mchele. Kasema la msiba. Namuuliza msiba gani, kaondoka. Nikashuka kumtafuta Yuliana."

Mkude alisimama ghafla. Saa tatu hata polisi hawakujua jina la marehemu!

"Na mumewe je?"

"Yuko Mafiga, mjini. Nimepitia kwake, hakupata hata punje."

Basi aliyetuma alimjua Yuliana, na alijua kwamba kwa Waluguru mchele wa msiba hupelekwa kwa wajomba. Gunia, ambalo mzee alikuja nalo kituoni, lilikuwa limeshonwa mdomo kwa uzi wa kijani. Mkude akapiga simu Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, akajibiwa kwamba mashine ya kukoboa inayotumia uzi huo ni moja tu. Ya mtu aitwaye Collins. Anaishi Bigwa, mkewe Mluguru.

Mkude aliingia uani kwa Collins na askari wawili, akafunua turubai. Gari jeupe, taa moja imevunjika. Vipande vikakaa mahali pake kama vile havijawahi kutoka. Collins mwenyewe bado alinuka pombe, kipimo kikathibitisha.

"Nimegonga mbuzi," Collins alisema.

"Mbuzi ana mjomba mlimani?"

Collins akaitazama taa iliyovunjika.

"Ulimjua?"

"Alituletea karoti kila wiki." Akajishika kichwa. "Nilitoka harusini nimelewa. Nilijua nikishuka, ndugu watanishtaki, bima watakataa kunilipia kwa sababu ya pombe, mashine itapigwa mnada. Miaka kumi na tano ya jasho! Nikaona bora nikimbie. Lakini nyumbani sikuweza kutulia. Nikatuma mchele."

"Ulitaka kutimiza mila ukwepe sheria."

Collins akanyoosha mikono, akafungwa pingu.

Mzee Kasiani alikuwa akingoja kituoni, gunia liko miguuni, halijafunguliwa. Collins alipopitishwa, mzee alilisukuma mbele yake.

"Mchele wako huu, baba," alisema taratibu. "Wale watoto watahitaji kula mpaka wakue, si gunia moja. Siku ya kesi ya madai nitakuja nao, uwaone."

Collins akainamisha uso. Mkude akafungua jalada, akamwomba mzee amtajie majina ya watoto, akaanza kuandika.