Hatua Moja Nyuma ya Maiki

Bi Nadine wa nyumba ya pembeni anadai kwamba Odessa na Wendell walianza kwa kupigana. Anasema ilikuwa tarehe thelathini Desemba, mwaka juzi, dukani, kwenye rafu ya nafaka, na kwamba Odessa alimchapa Wendell kibao mpaka kofia ikaruka ikatua kwenye mayai. Anasimulia hivyo kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili kofia inaruka mbali zaidi.

Kibao hakikuwapo. Kilichokuwapo ni pakiti moja ya kunde iliyobaki, na mikono miwili juu yake. Siku hiyo nusu ya Nashville ilikuwa imejazana mle ndani, maana hakuna mtu wa huku anayethubutu kuanza mwaka bila kunde na sukuma za kuleta bahati mezani. Odessa Pruitt alikuwa ametoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali. Koti lake la kahawia lilikosa kifungo cha juu, nywele amezifunga kitambaa chekundu, vidole vimebabuka kwa sabuni. Wendell Cagle alikuwa mrefu, jaketi lake la jinzi limechakaa viwiko, gitaa liko mgongoni kama mtu anayehama.

"Dada, mimi nimeishika kwanza," Wendell alisema.

"Wewe umeshika karatasi. Mimi nimeshika kunde."

"Basi tugawane."

"Tugawane wapi, hapa sakafuni?"

"Kwako. Mimi sina sufuria."

Odessa akacheka bila kutaka. "Mwanamume mzima huna sufuria, una gitaa."

"Sufuria haiimbi."

"Na gitaa halipiki. Utakufa njaa huku unapendeza."

"Kumbe napendeza?"

"Hebu toka hapa," alisema Odessa, lakini pakiti hakuiachia, na yeye Wendell hakuiachia, wakaenda nayo hivyohivyo mpaka kwa keshia wa mlangoni, watu wakiwapisha.

Kufika Februari walikuwa wanaimba pamoja kwenye baa moja ya mashariki ya mto. Ni huu muziki wetu wa Americana, gitaa na banjo, nyimbo za migodi iliyofungwa na mama aliyebaki milimani. Waliimba kwa maiki moja, kama wazee walivyofanya zamani. Kwa maiki moja hakuna fundi wa kukuza sauti ya huyu na kupunguza ya yule. Mnasimama bega kwa bega, mashavu karibu yagusane. Ukitaka kusikika unasogea mbele, ukitaka mwenzako asikike unarudi nyuma. Basi. Watu walisema wale wawili wanavuta pumzi moja.

"Unanuka kahawa," Odessa alikuwa akimnong'oneza kati ya beti na beti.

"Na wewe unanuka sabuni ya hospitali, asali wangu. Hao wagonjwa wanaolalia mashuka yako nawaonea wivu."

Mwaka ukaenda. Alfajiri mashuka, jioni nyimbo, Jumamosi barabarani kwenye gari la Wendell lisilotoa joto, mablanketi magotini. Mwanzoni ilikuwa raha. Kufika Juni macho ya Odessa yalikuwa yameanza kuingia ndani, na ndipo alipoona jambo. Wendell alikuwa amerudi nyuma nusu hatua. Mwezi wa saba ikawa hatua nzima. Mwezi wa tisa Odessa aliegemeza bega lake upande wa kushoto, kama alivyozoea, likakuta hewa tupu.

Aliangalia. Akawa anahesabu mbao za jukwaa kati ya viatu vyake na buti za Wendell. Mbao mbili. Tatu. Huko Chattanooga, mwezi wa kumi, zilikuwa nne, na wakiwa njiani kurudi, walipofika kwenye taa za barabarani karibu na kwake, alishindwa kuvumilia.

"Wendell, nina ugonjwa wa kuambukiza?"

"Nini?"

"Unasimama kule utafikiri unasubiri basi."

"Hapana, mpenzi."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi kuna nini?"

Wendell alikaza macho kwenye taa nyekundu. Jibu alikuwa nalo. Lilimfika kwenye meno, likarudi. "Nimechoka tu," alisema.

Katika majibu yote ya duniani, alichagua hilo.

"Basi pumzika," Odessa akamwambia. Akashuka palepale na mkoba wake, na hakuimba naye tena.

Mchana wa tarehe thelathini na moja Desemba simu ya Odessa ililia. Alikuwa amepiga magoti sebuleni, anafunga sahani kwenye magazeti.

"Umepokea," alisema Wendell, kama haamini.

"Nimebonyeza vibaya."

"Unafanya nini?"

"Nafunga vyombo. Kesho kaka yangu Dwight anakuja na pikapu. Narudi kwetu milimani."

"Kwa siku ngapi?"

"Nyumba nimeshaikabidhi, Wendell."

Mtaani kulikuwa na mtu aliyeshindwa kusubiri usiku, anapasua fataki mchana kweupe.

"Na kuimba?"

"Huu mwaka umenimaliza. Kila mwaka ukiisha nasema unaokuja ni wangu. Unaokuja unafika, una mashuka yaleyale na ngazi zilezile. Safari hii sisemi kitu. Ugeuke tu wenyewe, mimi niacheni nilale."

"Odessa..."

"Heri ya mwaka mpya, kipenzi." Neno lilimtoka kabla hajalizuia, akakata simu haraka.

Asubuhi ya mwaka mpya alikwenda kumuaga jirani yake Bi Nadine. Akakuta mlango umezibwa na Bi Nadine mwenyewe, aproni kiunoni, ufagio mkononi.

"Usikanyage!"

"Bi Nadine, nimekuja kukuaga."

"Niage ukiwa hapohapo. Mtu wa kwanza kuingia humu mwaka mpya lazima awe mwanamume. Mwaka juzi alitangulia dada yangu, paa likavuja mpaka Agosti."

"Nje kuna baridi!"

"Baridi haijawahi kutoboa paa. Nimeshampigia mwanamume, yuko njiani."

"Mwanamume gani?"

"Kwani kwenye simu yangu ninao wangapi?"

Odessa akaelewa, lakini hakuwa na nguvu ya kuondoka. Alikaa kwenye ngazi za baraza. Wendell alifika kwa miguu, jaketi ni lilelile, ndevu amezinyoa kwa haraka na kidevu amekikata. Alisimama chini ya ngazi.

"Ingia mwanangu, mguu wa kulia kwanza!" Bi Nadine akaita.

"Dakika moja, Bi Nadine."

"Mboga zinaungua!"

"Dakika moja tu, tafadhali." Kisha akamgeukia Odessa, akasema kama mtu anayetua mzigo. "Sikukuchoka wewe. Sauti yako ndiyo iliyochoka. Tangu Mei. Ukipanda juu inakatika. Tukisimama sawa, yangu inaifunika, na kwa maiki moja ningefanya nini? Nikarudi nyuma ili wakusikie. Kila ilipopungua, nikaongeza hatua."

Odessa akapeleka mkono kooni. Hakushangaa kama alivyotaka kushangaa. Zile asubuhi kwenye mvuke, sauti inachelewa kutoka, anajiambia ni mafua.

"Kwa hiyo watu wote pale walikuwa wanajua?"

"Hakuna aliyejua. Ndiyo maana nilirudi nyuma."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambiaje? Umeamkaje mpenzi, sauti yako inakwisha?"

"Ndiyo! Hivyohivyo! Nusu mwaka mzima nimelala najua sipendwi, wewe unanihifadhi kama yai!"

"Na hili ni afadhali kulijua?"

Chozi lilimshuka Odessa, hakulifuta.

"Sijui," alisema. "Ukiachwa, unaweza hata kuuimba wimbo wa kuachwa. Sasa mimi hili nitaliimba na nini?"

Wendell akapanda ngazi moja.

"Sikumfuata mwimbaji hapa leo," alisema. "Usiimbe miezi miwili, mitatu. Na mimi nitanyamaza. Ikirudi, vizuri. Isiporudi, tutazeeka kimya, tunagombania redio."

Bi Nadine alikuwa ameacha kuita. Mlango ulikuwa wazi, na joto la jikoni lilikuwa linatoka nje bure.

Pikapu ikakata kona, taa moja haiwaki. Dwight akaegesha mbele ya lango, akapiga honi mara mbili, akazima injini. Wendell aliitazama pikapu, kisha akamtazama Odessa, na sauti yake ikashuka mpaka chini kabisa.

"Niruhusu nikamwambie arudi peke yake."