Kiatu Nyuma ya Dohani

Mambo haya yalimpata Verna Pinkham, mjane wa huko Maine, na anayebisha akamuulize dada yake Lois, ambaye mpaka leo hataki kuiona picha ile. Yalianza siku ya kawaida kabisa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, maharage ya chakula cha jioni yako kwenye oveni, theluji inayeyuka taratibu nje ya dirisha.

Verna alikuwa akiishi kwa Lois mjini tangu avunjike nyonga. Aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, ngazi alizozipanda na kuzishuka tangu alipoolewa, na daktari akamwambia asizipande tena. Mwanawe Galen akaapa kwamba mama yake hatapelekwa kwenye nyumba ya wazee maadamu yeye yu hai. Angeivunja nyumba ile ya zamani ndani kwa ndani, aondoe kuta, amjengee mama chumba chini karibu na jiko, arudi kwake. Yeye, mkewe Kendra na binti yao mdogo Opal wakahamia humo. Walilala juu, wakabomoa chini.

Kendra alibandika alama ya msalaba kwa utepe wa buluu sakafuni, pale mlango wa mbele. Kila Jumamosi alisimama juu ya alama hiyo, akapiga picha moja, akaituma. Watu wa kule hawajengi bila picha ya kabla na picha ya baada, na kati ya hizo mbili ukoo mzima hufuatilia kama unafuatilia ligi. Verna aliishi kwa picha hizo. Alizikuza kwa vidole mpaka Lois akamchoka.

"We Verna, utaingia humo kwenye simu."

"Ningeweza ningeshaingia. Hapa kwako nimechoka kula supu ya kopo."

Picha ikaingia. Ukuta uliokuwa ukiificha dohani ya kutolea moshi ulikuwa umeanguka, matofali mekundu yanaonekana, na Opal amesimama katikati ya vumbi, pengo nje, amenyanyua kitu. Verna akakikuza. Kilikuwa kiatu cha mtoto, cheusi, cha vifungo, ngozi imekauka kama gamba la mti. Kimoja tu, cha kushoto.

Verna akapiga simu papo hapo.

"Galen, hicho kiatu mmekitoa wapi?"

"Nyuma ya dohani, Mama, asubuhi na mapema. Kilikuwa kwenye kijishimo chake kabisa, kimetulia. Kendra amekitia mtandaoni, watu wamekipenda kuliko wanavyonipenda mimi."

"Kirudishe."

"Nikirudishe wapi? Ukuta wenyewe uko kwenye pipa la taka."

Verna alikuwa mtu wa kanisa na maharage, si mtu wa mambo ya gizani. Lakini mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwonya alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Alimwambia kuwa waliojenga zamani walificha kiatu kilichovaliwa karibu na dohani, kwa sababu wachawi hushukia huko. Mchawi akikiona kiatu husikia harufu ya mtu, akaingia humo akijua amempata. Kutoka hawezi, maana mchawi hajui kurudi nyuma. Basi ukikikuta, usikishangae wala usimwonyeshe mtu. Kirudishe kabla jua halijazama, unyamaze. Verna alimweleza Galen yote hayo, huku uso umemwiva kwa haya.

Galen akacheka, si kwa ubaya. "Mzee wa makumbusho ya mji naye kasema hivyohivyo alipokuja kukichukua sasa hivi. Tumecheka hapa mpaka basi. Kimeshaenda, Mama. Wewe ngojea chumba chako tu."

Verna akakata simu. Maharage ya siku ile hayakumshuka.

Picha iliyofuata ilionyesha sakafu nyeupe kwa vumbi la lipu. Nguzo za mbao zilishika dari mahali palipokuwa na kuta. Mbele ya dohani palikuwa na alama ya kiatu kidogo, na vidole vilielekea nje. Verna akatafuta alama ya mguu wa pili. Haikuwepo.

Alipouliza, Galen alisema ni Opal anaruka kwa mguu mmoja. Jumamosi nyingine alama ilikuwa katikati ya sebule. Galen aliapa kwamba alikuwa amefagia, akalaumu lipu kwa kuanguka vumbi kila saa. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na alama sebuleni. Ilikuwa kwenye ngazi, kipandio cha chini, inapanda.

"Dada," Lois alisema, akiwa ameinama juu ya simu ile, "hiyo nyumba sasa haina mahali pa kujificha. Wameifanya ukumbi wa dansi."

Verna hakucheka. Alipiga simu ya video kumwona mjukuu wake. Opal akatokea, amekaa chini, miguu ameificha chini ya blanketi.

"Bibi, mbona unanipigia na wewe umo humu?"

"Nimo wapi, kipenzi?"

"Chumbani kwako. Umekaa unatazama ukuta." Opal akaisogelea simu mpaka yakabaki macho tu. Akanong'ona. "Kila siku unaniuliza kitakwisha lini."

Verna alikuwa akidhani ni yeye peke yake anayeufuatilia ujenzi ule.

Siku mbili tatu baadaye Kendra alipiga simu akiwa amejifungia ndani ya gari. Kendra ni mwanamke wa maneno mengi na vicheko, lakini siku hiyo alizungumza kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala.

"Mama, nikwambie kitu, usimwambie Galen. Opal hawezi kurudi nyuma."

"Hawezi vipi?"

"Hawezi. Akiingia kwenye kona anabaki humo, uso ukutani, analia mpaka nikamgeuze. Leo nimemkuta ndani ya kabati la makoti. Sijui alikaa humo muda gani. Daktari anasema ni mchezo wa watoto, utapita."

"Anauburuta mguu?"

"Umejuaje?"

"Wa kushoto."

"Ni wa baridi, Mama. Nausugua, nauvika soksi za sufu, bado ni wa baridi." Akaanza kulia. "Akiulizwa anasema si wake."

Verna akafunga macho. Alikuwa amelilia chumba kile tangu atoke hospitali. Sasa angekubali kufia kwenye kitanda cha kukodi na supu ya kopo, mradi mguu wa mtoto yule upate joto. Akamwita Lois, akamwambia atoe gari.

Walifika mchana, jua kali, matone yanadondoka kutoka kwenye paa. Verna aliingia kwa mkongojo wake, akasimama juu ya utepe wa buluu, na kwa mara ya kwanza akaiona nyumba yake kwa macho badala ya simu. Aliona moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Dohani ilikuwa imesimama peke yake kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni. Ubavuni mwake kijishimo kilikuwa bado wazi. Galen alikiacha kusudi aweke taa, ipendeze kwenye picha.

Opal alikuwa chumbani, kwenye kona, uso ukutani. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa akisubiri tu.

Galen hakuwa akicheka tena. Alikuwa amekonda. "Nimewapigia makumbusho," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mzee amekiosha kile kiatu. Amepasua soli aone kilivyoshonwa."

"Basi kitawekwa kingine," Verna akasema.

Akavua kiatu chake cha kushoto, kile chenye soli nene alichotengenezewa baada ya kuvunjika, kilichoshika umbo la mguu wake. Akakisukuma ndani ya kijishimo. Kendra akamwinua Opal, akamgeuza, akamsimamisha mbele ya dohani.

Walingoja. Lois alikuwa akisali kwa midomo bila sauti.

Opal alikitazama kiatu. Akainamisha kichwa. Akatabasamu, na Verna, aliyeyajua matabasamu yote ya mtoto yule, hilo hakulijua.

"Hamna mtu humo," Opal alisema. "Nilishadanganywa hivyo."

Kendra akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nje, tone likadondoka. Kisha lingine.

Verna akaomba kiti. Akakiweka mgongo ukiielekea dohani, akakaa, akachukua kiatu chake, akakivaa. Akafunga kamba. Aliogopa, aliogopa kweli, kuliko siku ile alipolala chini ya ngazi na nyonga imevunjika. Akaunyoosha mguu mbele ya mtoto.

"Humu mna mtu," akanong'ona. "Mtu mzima, mwenye nyumba. Chumba chake kimekwisha."

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza, Galen."

Opal akapiga hatua. Mguu wa kushoto ukaburuzika juu ya vumbi. Hatua nyingine. Akaukanyaga mguu wa Verna, akasimama juu yake.

Baridi ikaingia.

Opal akapiga chafya. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, akaanguka kwa makalio, akashangaa, kisha akacheka na kuomba biskuti. Kendra akamdaka mtoto, akavua soksi, akaushika ule mguu. Akaanza kulia kwa sauti. Ulikuwa na joto.

Verna alifungua kamba upesi, akampa Galen kile kiatu. "Mchawi yumo humo. Ziba. Usitazame ndani."

Galen akapigilia mbao, akapaka lipu, akapigilia nyingine juu yake. Nyumba yote ikasikia misumari. Verna alibaki kitini, mguu mmoja una soksi tu, akiungoja mguu wake upate joto. Kiatu kilikuwa kimezibwa, na baridi bado ilikuwa inapanda, imefika kwenye goti, inaelekea kwenye nyonga. Alimtazama Kendra akimbusu mtoto nyayo. Akaona hakuna haja ya kusema. Wale watu walikuwa hawajalala siku nyingi.

Kiangazi kikaingia na ujenzi ukaisha. Ukuta wa dohani ulirudi mahali pake, na Galen akikuta mtu anauliza kwa nini nyumba haikuachwa wazi kama ya wenzake, alisema alibadili mawazo. Verna alihamia chumbani kwake. Nyonga haikumuuma tena, akautupa mkongojo, daktari akashangaa. Alitembea vizuri, mradi anakwenda mbele. Kitanda aliomba kiwekwe katikati ya chumba, apate kukizunguka. Wakasema ni mambo ya uzee, wakampa.

Jumamosi ya picha ya mwisho, Kendra alipiga deki sakafu mpya mpaka ikang'aa. Maharage yalikuwa mezani uani. Opal alikuwa akikimbia kinyumenyume toka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, akigonga vitu na kucheka, na Verna alimtazama kwa furaha iliyomjaza kifua. Hakujutia kitu.

Kendra akasimama juu ya utepe wa buluu, akainua simu.

"Mama, simama hapo mbele ya ukuta. Hapo. Umenisogelea mno, rudi nyuma kidogo."

Verna akauamuru mguu. Mguu haukuitika. Nyuma yake palikuwa tupu, hapana kiti wala zulia.

"Kidogo tu, Mama. Hatua moja."

"Rudi wewe, mwanangu," Verna akasema, akatabasamu. "Mimi nimeshafika."

Kendra akacheka, akatoka kwenye alama yake kwa mara ya kwanza tangu waanze kujenga, akarudi nyuma, akapiga. Akaituma picha kwa Lois, akamshika Opal mkono, wakatoka uani kula.

Verna alibaki pale aliposimamishwa. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Nyumba imependeza, dada," Lois alisema. Kisha akashusha sauti. "Kendra amepiga deki?"

"Asubuhi hii."

"Hiyo alama nyeupe hapo sakafuni ni ya nini? Nimeikuza. Ni ndogo. Ni ya kiatu cha mtoto, Verna, cha kushoto. Iko nyuma yako kabisa, inagusa kisigino chako. Hebu geuka uone."

Uani Opal alikuwa akicheka. Kijiko kililia kwenye bakuli.

"Verna? Geuka."

"Siwezi kugeuka, Lois," Verna akanong'ona. "Nimejaribu. Wao wanakula, sitaki kuwaita. Njoo wewe unigeuze."

Lois aliendesha gari siku ile kama mwendawazimu. Alimkuta dada yake bado amesimama, akamshika mabega, akamgeuza. Sakafu ilikuwa safi, inang'aa, haina hata punje ya vumbi. Lakini kwenye picha alama ya kuingia ipo mpaka leo, vidole vimemwelekea Verna. Ya kutoka haipo.