Kaburi la Ukingoni

Kila asubuhi Hilaria aliteka maji mtoni, pale mto unapotoka kwenye msitu wa hifadhi wa Mlima Hanang. Maji yalikuwa maangavu, kokoto zote zilionekana. Kando ya njia, ukingoni mwa mto, palikuwa na kaburi la mama mkwe wake. Hilaria hakulipita bila kuling'olea magugu.

Mumewe, Gidabuday, alikuwa na donge moyoni. Zamani alichunga ng'ombe kule uwandani. Shamba kubwa la ngano likachukua malisho, na tingatinga likalima juu ya kaburi la baba yake. Ndipo akahamia huku mlimani, akashika jembe bila kupenda.

Mwaka mmoja alikata miti yote ya ukingoni, akapanda maharage mpaka kwenye maji. Bwana misitu, Nikolausi, akaja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

"Mzee, umevuka alama nyeupe za hifadhi. Mizizi ya miti ndiyo inayoshika udongo wa ukingo. Ukiiondoa, mvua kubwa itaubeba. Na kaburi la mama liko hapo hapo."

"Siku tingatinga linalima kaburi la baba, ulikuwa wapi na alama zako?"

Nikolausi aliinamisha kichwa. Mzee alisema kweli.

"Baba, msikilize," Hilaria alimsihi mumewe.

"Nimesikiliza serikali vya kutosha!"

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne ukingo haukuwepo. Maharage yalikuwa yamekwenda, na kaburi pia. Mto ulikuwa tope tupu. Gidabuday alitafuta wa kumlaumu asimwone. Safari hii halikupita tingatinga, lilipita jembe lake mwenyewe. Alilia mbele ya mkewe, mtu mzima yule, bila kujificha.

Kisha akaenda kwa Nikolausi. "Nionyeshe," alisema.

Walihamishia shamba nje ya alama. Walilima matuta ya kukinga mteremko, maji ya mvua yasibebe udongo. Ukingoni walipanda mikuyu na matete, na mbuzi wakafungwa mbali mpaka miche ishike.

Baada ya miaka sita maji yalirudi kuwa maangavu. Majirani humwambia Gidabuday, "Mzee, umeuokoa mto wetu." Akishuka mtoni huweka ndoo chini, huvua kofia, na kabla hajateka huyaambia maji polepole, "Shikamoo, mama."