Dawa ya Mwamba

Maiti ya Dorotea ilikuwa juu ya kitanda cha kamba, magoti yamekunjwa, mikono yote miwili tumboni. Kando yake, ndani ya kapu, mtoto wake wa siku nne alilia kwa njaa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wa Machi 1975, katika kijiji kipya cha Ujamaa upande wa Butiama.

Inspekta Kasmiri Masatu, aliyekuja na Landrova kutoka Musoma, alichuchumaa penye mafiga. Chunguni mlikuwa na majani yaliyokatwakatwa. Aliyatia kwenye mfuko wa vielelezo pamoja na kikombe cha marehemu.

"Nani alipika hii?"

"Mimi," alijibu kikongwe aliyeketi mlangoni. Alikuwa Nyamburi, mama mkwe wa marehemu, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji. "Ni dawa ya mwamba. Mzazi akiumwa tumbo anakunywaga hiyo, damu mbaya inatoka. Nimewapa wengi wakapona. Huyu nimemuua."

"Kwa kukusudia?"

"Andika tu kwamba ni mimi."

Kasmiri hakuandika. Katika miaka kumi na miwili ya upelelezi alikuwa amezoea watu kukana.

"Uliichuma wapi, bibi?"

"Mlimani, katikati ya mawe."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kasmiri akavua kofia yake, akaiinua mbele ya uso wa yule bibi. "Nimeshika nini?"

Nyamburi aligeukia sauti. Macho yake yalikuwa yametanda ukungu mweupe.

"Kalamu," alibahatisha.

Jirani mmoja, Marieta, aliitwa aangalie mabaki ya majani na mizizi iliyotupwa nyuma ya jiko. Aliyageuza kiganjani, akatikisa kichwa.

"Hii siyo yenyewe, afande. Ya mlimani ina manyoya chini ya jani. Hii ni laini. Inaota bondeni, na mbuzi haigusi. Ona mizizi, ina tope jeusi. Mlimani hakuna tope hili."

"Kwa nini mtu achume bondeni?"

Marieta alishusha sauti. "Tangu tuhamishwe, mlimani haturuhusiwi. Mgambo wakikukuta wanasema unarudi kwenye mahame, makazi yetu ya zamani. Clementi, mume wa Dorotea, walimkuta mwezi wa kwanza. Wiki nzima alilalia tumbo kwa ajili ya viboko."

Kasmiri alikunja daftari. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alisimama kule juu na askari sita wakati nyumba zinaezuliwa. Aliona kazi imekwenda vizuri kwa sababu hakuna risasi iliyopigwa.

Clementi alikuwa nyuma ya nyumba, anapiga randa ubao wa jeneza. Hakuinua uso.

"Unaruhusiwa kunyamaza," Kasmiri alimwambia. "Utakachosema kitaandikwa."

"Andika."

"Nani alichuma dawa?"

"Mimi."

"Wapi?"

Randa ilisimama. "Mtoni. Mama alinituma mlimani. Nilifika chini ya mlima, nikasikia watu wanaongea huko juu. Sijui walikuwa nani. Miguu ilikataa, afande. Nikageuka. Pale mtoni nikaona majani yanafanana."

"Ulijua siyo yenyewe."

"Nilijua. Sikujua inaua. Nilidhani haitasaidia tu, na kesho yake ningejipa moyo nipande."

"Mama yako angeipapasa akaijua."

"Ndiyo maana nilimkatia vipande kabisa. Akaniuliza mara mbili, 'Ni ya mlimani?' Nikamwapia."

"Na Dorotea?"

Clementi alipangusa vumbi la mbao kwenye ubao. "Alisema ni chungu sana. Nikamwambia amalize."

"Kwa nini hukusema ukweli?"

"Alinionaga mimi ni mwanamume. Niliona aibu kumwambia nimeogopa."

Nyamburi alikuwa ameufuata ukuta kwa mkono mpaka pale, mtoto kifuani. "Nililamba kikombe alipokwisha kukata roho," alisema. "Nikajua. Lakini huyu mtoto amebaki na mzazi mmoja, afande. Mimi naweza kufia jela."

"Haiwezekani, bibi."

"Najua. Nilijaribu."

Daktari wa Musoma alithibitisha sumu ya mmea. Shitaka likawa kuua bila kukusudia, na Clementi akatia kidole gumba kwenye maelezo yake bila kubadilisha neno.

Siku ya tatu maiti ilirudishwa. Nyamburi aliomba mkwewe azikwe kwenye mahame, walikolala wazee wao. Mwenyekiti wa kijiji alisema amri hairuhusu.

"Tutapanda," alisema Kasmiri. "Ukitaka, andika jina langu."

Mgambo waliokuwa njiani walitazama Landrova, wakatazama jeneza, wakapisha. Walipanda polepole, Clementi akiwa na pingu, mikono yake ikiwa chini ya ubao wa jeneza. Marieta, mtoto akiwa mgongoni, alimwongoza Nyamburi.

Ya nyumba zao yalibaki mawe ya msingi tu. Nyuma ya palipokuwa jiko lao, kwenye nyufa za mwamba, dawa ilikuwa imestawi mpaka magotini. Hakuna aliyeichuma mwaka mzima. Clementi alipiga magoti mbele yake na hakusimama tena hadi kaburi lilipokuwa tayari.

"Mbona mmenyamaza?" Nyamburi aliuliza. "Imeota?"

"Imeota, mama," alisema Clementi. "Imejaa."