Mashimo kwenye Shamba la Bibi Mwanvita

Jumanne, tarehe 25 Februari 2025. Manyunyu yalianza alfajiri, na ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka kwenye paa la shule. Yuliana, mwanafunzi wa darasa la sita, alisali pamoja na mama yake, kisha wakachukua majembe na kupanda mlima kwenda shambani, kama walivyofanya kila asubuhi kabla ya masomo.

Shamba lilikuwa la kukodi, kwenye mteremko mkali juu ya kijiji cha Mlali, katika ardhi ya ukoo wa Bibi Mwanvita. Mama yake Yuliana, Eufrazia, alizaliwa Mbinga, kwa Wamatengo. Mumewe alikuwa mkata miwa, na alipofariki, mama na binti walihamia huku kutafuta mahali pa kulima. Eufrazia alilima kama alivyofundishwa na bibi yake. Alifyeka nyasi, akazilaza katika mistari iliyokatana kama wavu, kisha akachimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Shamba zima likawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage yaliota juu ya matuta, na maji ya mvua yalitulia mashimoni badala ya kubeba udongo mpaka mtoni. Hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea mwaka huo.

Asubuhi hiyo walikuta nusu ya matuta yamebomolewa. Miche ya maharage ilikuwa imefukiwa, mizizi juu.

"Watu gani hawa!" mama alifoka. "Wavivu wakubwa! Wao hawachimbi hata tuta moja, wanabomoa ya wenzao! Ndiyo maana Mwingereza aliwachapa viboko!"

Yuliana aliweka jembe chini. Alianza kuokota miche iliyobaki hai. Lakini maneno yale aliyabeba kichwani mpaka shuleni.

Wakati wa mapumziko alikwenda bombani kunywa maji. Hafidha, mjukuu wa Bibi Mwanvita, alikuwa hapo na wenzake.

"Pisheni, bibi shamba anapita! Shikamoo, mkoloni wa matuta!" Hafidha alisema huku akiinama.

Wenzake wakaangua kicheko. "Mwambie mama yako ashone kaptula ya Mzungu," mmoja aliongeza. "Kiboko tutamchongea sisi!"

Yuliana alifunga bomba na kuwageukia. "Bora mkoloni!" alipiga kelele. "Aliwachapa bibi zenu kwa sababu ya uvivu wao!"

Kicheko kilikatika. Hafidha alimwangalia, kisha akaondoka bila kunywa maji.

Jioni Yuliana alikuta watu wamejaa uani kwao. Bibi Mwanvita alikuwa amekalia kigoda. Nyuma yake alisimama mwanawe Abeid, na pembeni Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kitongoji. Hafidha alikuwepo, na majirani wengi.

"Shikamoo, Bibi," Yuliana alisema.

Bibi Mwanvita hakuitikia. Alimgeukia Eufrazia. "Mama Yuliana, kesho mnatoka kwenye shamba langu."

"Maharage yako ardhini, Bibi. Tutakula nini?"

"Kuleni hayo mashimo yenu," Abeid alidakia, na baadhi ya watu wakacheka.

"Abeid, hebu tulia," Mzee Mwinshehe alisema. "Mama, binti yako amewatukana wazazi wetu huko shuleni. Amesema walichapwa kwa uvivu."

"Mwanangu?" Eufrazia alinyanyua kidevu. "Huyu namlea kwa sala. Hawezi kusema hivyo. Huyo mjukuu wenu ni mwongo."

Abeid alimshika Hafidha mkono. "Yaani umetuleta hapa kwa uongo? Umeniaibisha mbele ya wakuja?" Akavunja fimbo ya mpera.

"Wallahi alisema, mjomba!" Hafidha alilia.

Yuliana alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa kidogo sana: nyamaza. Yuliana alielewa. Akinyamaza, Hafidha angechapwa, na pengine shamba lingepona. Akisema, wangelala njaa. Aliomba moyoni: Mungu wangu, nipe nguvu.

"Usimchape, mjomba," alisema. "Ni kweli. Nilisema."

Fimbo ilibaki juu.

"Nani alikufundisha?" Bibi Mwanvita aliuliza.

Yuliana aliinamisha kichwa. Eufrazia alipiga magoti.

"Ni mimi," alisema. "Niliyasema asubuhi kwa hasira. Ameyaokota kwangu. Na sasa hivi nimemwita mtoto wa watu mwongo ili nijiokoe."

"Mnaona!" sauti ilitoka nyuma. "Watoke leo leo, si kesho!"

Bibi Mwanvita aliinua mkono.

"Nilikuwa mdogo kuliko huyu," alianza. "Mwingereza aliamuru kila mwenye shamba mlimani achimbe matuta. Asiyechimba, faini, kiboko au jela. Udongo mzuri ulifukiwa chini, mahindi yakatoka ya njano. Mama yangu alichimba akiwa na mdogo wangu Abuu mgongoni, anachemka kwa homa. Aliomba ruhusa ampeleke zahanati. Mnyapara akamwambia amalize mstari kwanza. Akamaliza mstari. Alipofungua mbeleko, mtoto alikuwa ameshakufa." Alimtazama Eufrazia. "Mama yangu hakuwa mvivu."

Eufrazia alifunika uso kwa khanga. "Nisamehe, Bibi. Sikujua. Kwetu mashimo haya hayakuletwa na Mzungu. Ni kilimo cha bibi zetu, na hakuna aliyewasimamia kwa kiboko."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Umekaa hapa msimu mzima, hujaniuliza hata siku moja kwa nini mteremko wetu hauna tuta. Umeona ni uvivu, ukatosheka." Bibi alijigusa kifua. "Na mimi sikukuuliza wewe. Nilipoyaona matuta yale kutoka kwangu, nilimwona mama na Abuu mgongoni. Nikamtuma Abeid ayabomoe."

"Mama! Unawaambia ya nini?"

"Mtoto amesema kweli, Abeid. Mimi nimemzidi umri, nimfiche?"

Kisha aliwaita Yuliana na Hafidha wasimame mbele yake. "Sikilizeni, nyinyi wawili. Kulima si aibu. Lakini kulima kwa hiari na kulima kwa kiboko si kazi moja, hata kama jembe ni lile lile. Mkiona watu wanachukia jambo, msikimbilie kuwaita wavivu, wala wakoloni. Waulizeni yaliyowapata. Na ukikosa, sema kweli, hata kama kweli hiyo itakunyima chakula."

Mzee Mwinshehe aliuliza shamba litakuwaje.

"Watakaa mpaka wavune maharage. Baada ya hapo ukoo utakaa na kuamua. Abeid atajenga upya matuta aliyoyabomoa." Abeid alisonya, lakini hakubisha. "Ila huyu mama aahidi hapa hapa, watu wasikie."

Eufrazia alisimama, akaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Sauti!" Abeid alisema. "Wa nyuma hawasikii."

Akavuta pumzi, akamshika Yuliana mkono.

"Mimi, Eufrazia Kapinga, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: sitachimba shimo jingine katika ardhi hii kabla ya kuwauliza wenyewe. Na mtu yeyote akiniuliza kwa nini watu wa hapa hawapendi matuta, sitasema ni uvivu. Nitamsimulia habari za Abuu."