Simu Ndani ya Kikapu

Walikutana sokoni Likoni, kwenye kibanda cha fundi simu. Mwanatabu, mjane na mshonaji wa Bofu, buibui limejaa vipande vya nyuzi, alikuwa kasimama akisoma tangazo la masomo ya kompyuta.

"Jiandikishe, bibie," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa Jafar, wakala wa mizigo kule bandarini Kipevu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, marashi yanamfika hata muuza ndizi wa ng'ambo.

"Mtu mzima mimi, nikakae na watoto wa watu?"

"Waache wacheke. Wewe soma."

Basi akasoma. Na mapenzi nayo, wallahi, yakanoga.

"Profesa wangu, umekula?" Jafar humuuliza simuni.

"Nimekula, ila programu imegoma."

"Ibembeleze, kama unavyonibembeleza mimi."

Mwalimu Chrispine alikuwa mkali kwa jambo moja: simu zote zikae kikapuni, mlangoni. Jumamosi moja, siku isiyo ya darasa, akawapa mtihani. Mwanatabu hakumwambia Jafar. Alitaka kumletea matokeo, amfurahishe.

Lo, na Jafar naye! Jumamosi hiyo hiyo, bila kumdokeza, alituma wazee nyumbani kwake Bofu wakampose. Na mjane si mwari, kunyamaza kwake si jibu. Lazima atamke mwenyewe kuwa amekubali. Wazee walimpigia, wakapiga tena, simu iko kikapuni, chai ikapoa. Wakaondoka na aibu yao.

Mwanatabu alitoka mbio, programu yake imekubali. Akampigia Jafar. Simu imezimwa. Nyumbani akasimuliwa habari za wazee. Simu ikabaki hivyo siku kadhaa, kutwa kucha, akilia juu ya cherehani, hadi akamtuma mdogo wake, Nasreen, Kipevu akaeleze.

Jafar akapiga jioni ile, Mwanatabu akiwa mlangoni mwa darasa.

"Kumbe ulikuwa mtihanini?"

"Nilikuwa mtihanini, Jafar. Masomoni ulikonituma mwenyewe."

"Nimechelewa, mpenzi. Kwa hasira niliwapeleka wazee kwa binamu yangu Jalila. Amekubali. Siwezi kumuumbua mtoto wa watu."

Mwanatabu aliushika ukuta.

"Wangekupata siku ile," Jafar aliuliza polepole, "ungewajibu nini?"

"Nimekubali. Ningesema nimekubali, Jafar. Nimekubali."

Alimsikia akilia, mwanamume mzima.

"Ingia darasani," Jafar alisema mwishowe. "Usichelewe."

Mwanatabu akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaizima simu, akaitia kikapuni.