Maji ya Kwanza

Siku ile kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walikuwemo wanne: Bibi Sabuni, aliyefua pale tangu kuta hazijapakwa rangi, Konokono, dereva wa gari la wagonjwa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa aliendesha kama mtu aliyepakia mayai, Mama Donge, mfuaji mpya, na Donge mwenyewe, kitoto kinene kilicholala ndani ya kapu la shuka. Wa tano hakuna aliyemwona akiingia.

Konokono alileta mbeleko. "Ya mwanamke tuliyemwokota karibu na uzio wa mpaka. Kiu imemuua. Sanda hakuna, shuka zimekwisha, kwa hiyo ifueni hiyo hiyo azikwe nayo leo."

"Mwingine tena?" Bibi Sabuni alishika kiuno. "Maskini."

"Maskini sisi, bibi! Nawasomba kama kuni. Juzi mke wa fundi cherehani kajifungulia barabarani, kisa gari lilikuwa kule linafuata maiti. Mafuta hakuna, maji ya kuvizia. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mwenyeji ndiye anayeugua."

Hata hivyo Mama Donge aliona jinsi alivyoiweka ile mbeleko: taratibu, pembe kwa pembe, kana kwamba ni ya dada yake.

Bibi Sabuni alikuwa na sheria moja. Maji ya kwanza ya nguo ya marehemu humwagwa nje, ardhini, na mfuaji husema, "Kunywa, upumzike." Hayapiti mtaroni, wala hayatumiwi kufulia kitu kingine. Lakini siku ile Bibi Sabuni aliitwa wodini, na bomba lilikuwa likitoa tone, linafikiri, linatoa jingine. Mama Donge akaifua mbeleko, akayatazama yale maji. Vumbi tu, limetuama chini. Nimwage ndoo nzima, alijiuliza, na wagonjwa wanalalia magodoro matupu? Akayachuja, akatia dawa, akalowekea nepi za Donge. Mbeleko ikakauka, mwanamke akazikwa nyuma ya hospitali jioni hiyo hiyo, juu ya kaburi kijiti bila jina.

Asubuhi ndoo aliyoiacha imejaa ilikuwa nusu. Akaigeuza, akaikagua. Haikuwa na tundu.

Akajaza nyingine. Alipogeuka kuanika, akasikia nyuma yake kata ikichota maji, polepole, kama anayeogopa kukamatwa. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya ardhi iliyoungua na jua, na kata ilikuwa ikibembea juu ya msumari wake.

Donge akaanza kulia. Mama yake akampa titi, mtoto akavuta, akaliachia, akalia zaidi. Nepi yake ilikuwa kavu tangu alfajiri. Daktari akampima, akasema mama ale vizuri, apumzike. Kufika adhuhuri midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka na sauti yake imekuwa nyembamba kama ya paka, na Mama Donge alikaa ameegemeza mgongo ukutani, mahali ambapo hakuna awezaye kupita nyuma yake, akamweka mwanawe kwenye titi la kushoto na kumbembeleza, mpaka akahisi titi la kulia, ambalo hakuna aliyelishika, likivutwa, kwa adabu, kwa haraka, kama mtu anayekamua huku akiomba radhi, na lile vumbi la moto likampumulia shingoni.

"Bibi!" aliita. "Bibi, njoo, nakuomba..."

Bibi Sabuni alikuja mbio, akamtazama mtoto, kisha ndoo. "Maji ya kwanza uliyamwaga wapi?"

Mama Donge akaangalia kwenye kamba, nepi zilipoanikwa. Bibi Sabuni hakumgombeza. Alivua mtandio wake, akamfunika mabega.

Konokono alikuwa amesimama mlangoni, amekwishasikia. "Jini la kiu hilo," alinong'ona. "Tuondokeni."

"Jini la kiu lingekunywa papo hapo. Tazama chini," Bibi Sabuni alimjibu.

Sakafuni palikuwa na matone. Yalitoka kwenye ndoo, yakapita mlangoni, yakakata uwanja kuelekea njia ya mpakani, na chini ya jua lile yalikuwa bado hayajakauka.

"Huyu hanywi," alisema Bibi Sabuni. "Anabeba. Mwanangu, ile mbeleko uliikuta imefungwaje?"

Konokono alijibu bila kumtazama. "Mgongoni. Fundo limekaza. Ndani hamna kitu."

"Na hukujiuliza?"

"Nilijiuliza, bibi. Nikaambiwa gari lirudi." Akaugeuzageuza ufunguo wa gari mkononi. "Mafuta yaliyobaki ni ya mgonjwa. Wamenikataza kwenda tena kule."

"Mgonjwa huyu hapa," alisema Mama Donge, akamwinua Donge, ambaye hakuwa tena na nguvu ya kulia. "Mwenzangu hatamwachia wangu mpaka apate wake."

Konokono alitazama ile midomo. Kwa mara ya kwanza watu wa hospitali ile walimwona anakimbia.

Matone yaliwaongoza yeye, Mama Donge na Donge, ndani ya gari, mpaka karibu na uzio, kwenye korongo, chini ya kichaka cha miiba ambacho mtu mzima hawezi kuingia bila kuchanika. Konokono akaingia, akachanika. Akatoka na mtoto wa kike, mdogo kuliko Donge, amezungushiwa blauzi ya mama yake, amefichwa jua. Alikuwa anapumua. Midomo yake ilikuwa mibichi, na pembeni mwa mdomo palikuwa na maziwa.

Konokono alivua shati, akamfunika. "Hujambo, mgeni," alimwambia, na machozi yakamtoka.

Wakiwa bado njiani maziwa ya Mama Donge yalirudi kwa kishindo, yakalowesha gauni. Akawanyonyesha wote wawili, kila mmoja upande wake.

Waliporudi, Bibi Sabuni alichukua ndoo ya mwisho iliyojaa, akaipeleka kwenye kile kijiti kisicho na jina. Akamwaga maji yote. Ardhi ikayameza kwa sauti, kama koo. "Kunywa sasa na wewe," alisema. "Mtoto tumempata. Upumzike." Ile harufu ya vumbi ikapanda, ikazunguka, ikaisha.

Yule mtoto sasa yuko darasa la pili, dawati moja na Donge. Akipewa kikombe cha maji, humwaga kidogo chini kabla ya kunywa. Hakuna aliyemfundisha.